Kirusi kilichopanda ndege Entebbe

Tangazo lililobandikwa kwenye chuo cha tiba cha hospitali ya Middlesex, London, mwezi Machi 1961, halikuwa la kumvuta mtu. Daktari wa upasuaji kutoka Uganda, ambaye pale hakuna aliyemjua, angezungumzia saratani inayowapata zaidi watoto wa Afrika ya kitropiki. Anthony Epstein akaenda kusikiliza. Alikuwa na umri wa miaka 39, na kazi iliyokuwa imemweka maabara kwa miaka ilikuwa kirusi cha kuku.

Kuku hao wana historia yao. Mwaka 1911 Peyton Rous, wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alieleza alivyosaga uvimbe wa kuku, akaupitisha kwenye chujio ambalo seli hazipiti wala bakteria hawapiti, kisha akawadunga kuku wazima maji yaliyobaki. Kuku wale nao wakaota uvimbe uleule. Kitu kidogo kuliko bakteria kilikuwa kimehamisha saratani. Wakubwa wa fani walimsikiliza kwa heshima, wakasema kuku ni kuku na mtu ni mtu, wakaendelea na mambo yao. Mwaka 1933 Richard Shope akaonyesha jambo la namna hiyo kwa sungura wa porini. Mwaka 1951 Ludwik Gross akaonyesha saratani ya damu ya panya. Orodha ya wanyama ikarefuka, binadamu hayumo. Rous mwenyewe alipewa Nobel mwaka 1966, akiwa na miaka 87, na sidhani kuna mshindi mwingine aliyewekwa foleni muda mrefu hivyo kwa kazi ya ujana wake.

Epstein alikuwa mmoja wa wachache Uingereza waliojua kukitafuta kirusi cha Rous kwa hadubini ya elektroni, chombo ambacho wakati huo kilikuwa bado kigeni hata kwa madaktari wengi. Kwa hiyo alipoketi kumsikiliza mgeni, alikuwa na masikio tofauti na ya wenzake. Zilipita dakika kama 20 tu, baadaye alisimulia, kabla hajajiambia kwamba hapa pana kirusi.

Mgeni huyo alikuwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, mwenye jicho moja tangu utotoni. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kisha akahamishiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Uvimbe wa taya huwa wa upande mmoja. Pande nne kwa mpigo ilikuwa ajabu. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye sura ileile, na huyu tumboni pia alikuwa na uvimbe. Burkitt akarudi kwenye mafaili ya Mulago na kukuta watoto hao walikuwa wakifika miaka yote, mmoja akiandikwa saratani ya taya, mwingine ya figo, mwingine ya jicho. Ulikuwa ugonjwa mmoja uliogawanywa kwenye madaftari mengi. Wataalamu wa patholojia wa Kampala ndio waliothibitisha kwamba ni limfoma, saratani ya seli nyeupe za kinga.

Wakati wa mhadhara ule ilishaonekana kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Miezi michache baadaye Burkitt aliamua kwenda kuona mwenyewe. Oktoba 1961, pamoja na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakashuka hadi Afrika Kusini na kurudi. Ilikuwa safari ya wiki kumi na kilomita kama 16,000. Kwenye kila hospitali walionyesha picha za watoto na kuuliza: hawa mmewahi kuwaona? Maana kuanzia Tanganyika hadi Msumbiji kulikuwa na waganga na wauguzi waliokwisha kuwaona, ila hakuna aliyewahi kuwauliza.

Majibu yalipowekwa kwenye ramani yalichora mpaka. Karibu na Ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kadiri walivyoshuka kusini, ndivyo mpaka ulivyoteremka. Basi si mwinuko, ni baridi: mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16, au mvua ya mwaka haifiki milimita 500, ugonjwa haupo. Alexander Haddow, wa kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, aliona ramani hiyo inafanana na za magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Kila mtu akaanza kumtafuta mbu mwenye kirusi cha saratani.

Kurudi London. Baada ya mhadhara, Epstein alimwalika Burkitt maabara kwa chai, wakakubaliana: vipande vya uvimbe vitakatwa Mulago, vipandishwe ndege Entebbe usiku, vipokelewe London asubuhi. Mpango ulikuwa mzuri, ila kwa zaidi ya miaka miwili haukuzaa kitu. Epstein alitazama kipande baada ya kipande kwa hadubini ya elektroni, hakuna kirusi. Akajaribu kuotesha seli za uvimbe kwenye vyombo ili kirusi, kama kipo, kipate nafasi ya kujitokeza, seli zikafa. Fedha kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani zilimwezesha kuajiri watu wawili: Yvonne Barr, mwanamke kutoka Ireland aliyejua kulea seli, na Bert Achong, daktari mzaliwa wa Trinidad, kwa kazi ya hadubini.

Mapema Desemba 1963 ukungu mzito ulifunga London na ndege iliyobeba mzigo wa Kampala ikaelekezwa Manchester. Kipande kilichokatwa taya la mtoto mmoja kilifika maabara jioni, kimechelewa, na maji ya chupa yamechafuka kama maji ya mchele. Kila mtu wa maabara anajua maana yake: bakteria wameingia, mwaga. Epstein, kabla ya kumwaga, alichukua tone akaliweka chini ya hadubini ya kawaida. Hakuona bakteria. Maji yalijaa seli za uvimbe, nzima, za duara, zilizokuwa zimebanduka kwa kutikiswa safari nzima na sasa zinaelea moja moja. Akakumbuka seli za limfoma za panya alizowahi kuziona, ambazo nazo huishi zikielea. Miaka yote miwili walikuwa wakizilazimisha seli zishike kwenye kioo! Safari hii waliziacha zielee, nazo zikazaana. Chupa ile ikabandikwa lebo EB1, kwa Epstein na Barr.

Februari 24, 1964 aliweka sampuli ya seli hizo kwenye hadubini ya elektroni. Ndani ya kijidirisha cha kwanza kabisa cha wavu unaoshika sampuli, palikuwa na seli iliyojaa virusi. Akaogopa kwamba mwale wa elektroni utaiunguza, akazima mashine, akatoka nje bila koti huku theluji inaanguka, akazunguka mtaa. Aliporudi na kuwasha, virusi vilikuwa palepale. Kwa umbo aliitambua ile jamii: hapesi, ndugu wa kirusi cha tetekuwanga. Makala yao ilitoka kwenye jarida la Lancet la Machi 28, 1964, ikiwa na majina ya Epstein, Achong na Barr, kwa mpangilio huo.

Wataalamu wa virusi wa Uingereza walipokea habari hizo kwa baridi, hivyo seli zikapelekwa Philadelphia kwa mtu na mkewe, Werner na Gertrude Henle, ambao walithibitisha kwamba kirusi ni kipya. Wakakiita Epstein-Barr, kutokana na lebo ya chupa. Ndivyo Achong alivyoachwa nje, na kwangu hilo si haki, maana kirusi kilijulikana kwa kuonwa, na kuona ndiko kulikokuwa kazi yake. Barr naye alihamia Australia na kuishia kufundisha shule.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Akina Henle walipopima damu za watu wa kawaida, Wamarekani wasiojua Kampala iko wapi, walikuta kingamwili za kirusi hicho kila walikogusa. Leo tunajua zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, wamekipata kwa mate, na wengi hawakuumwa chochote. Mbu hakuhusika kukieneza. Sasa ile ramani ya Burkitt ilikuwa ya nini?

Ilikuwa ya malaria. Zanzibar na Pemba kuna joto na mvua tele, lakini uvimbe ule haukuonekana huko kama ulivyoonekana bara; ni visiwa ambako kampeni dhidi ya malaria zilikuwa zimefanya kazi kubwa. Kirusi humwingia mtoto mapema. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha ulinzi unaokizuia na kuzichochea seli za kinga zizaane mfululizo, na katika kuzaana huko kromosomu namba 8 inaweza kukatika na kuungana na namba 14. Jeni iitwayo MYC, iliyokuwa ikiendeshwa kwa kiasi, hubaki imewashwa. Na jeni hiyo wanasayansi walikuwa wamekutana nayo kwanza ndani ya kirusi cha saratani cha kuku. Wale waliomwambia Rous kwamba kuku si mtu hawakuishi kuyaona hayo, wengi wao.

Ushahidi ulitafutwa hukuhuku kwetu. West Nile, Uganda, katika miaka ya 1970, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu kisha wakafuatiliwa. Waliokuja kuugua 14 walionyesha kwamba mtoto mwenye kingamwili nyingi mno za kirusi hicho yuko hatarini kwa takriban mara 30. Mkoani Mara, Tanzania, kati ya 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka kumi wa North Mara walipewa klorokwini ili ionekane kama kupungua kwa malaria kutapunguza saratani. Ilipungua kweli, kisha ikapanda tena baada ya mradi. Tatizo ni kwamba ilikuwa imeanza kushuka kabla ya kidonge cha kwanza, na klorokwini nayo ikaanza kushindwa na vimelea. Jaribio likabaki na jibu nusu.

Kwa watoto wenyewe, nafuu ilitoka kwingine. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo Burkitt akajaribu dawa za saratani alizopata kwa Wamarekani, na uvimbe mwingine ukayeyuka ndani ya siku chache. Kituo kilichofunguliwa hapo mwaka 1967 kwa ajili ya limfoma ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Epstein alihamia Bristol na kutumia miaka iliyobaki ya kazi akisaka chanjo; katikati ya miaka ya 1980 yeye na wenzake waliweza kuwakinga nyani wadogo wa Amerika Kusini. Alifariki Februari 2024, akiwa na miaka 102. Chanjo kwa binadamu bado iko kwenye majaribio.