Viti vya Rangi: Geita na Mwanza, 1958

Ujirani wa Wahindi na Wasukuma haukuanzia barazani. Ulianzia dukani na kwenye vinu vya kuchambulia pamba. Ulikuwa ujirani wa mizani, na mizani ilizaa manung'uniko. Wakulima walioamini kwamba wanapunjwa waliunda vyama vya ushirika, vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani.

Serikali ya kikoloni ilileta dawa yake: mabaraza ya wilaya yenye wajumbe Waafrika, Wazungu na Waasia. Geita ilitangulia Usukumani. Mwaka 1958 wananchi waliikataa dawa hiyo. Mamia walivuka maji kuja Mwanza kupeleka malalamiko kwa wakuu wa Jimbo la Ziwa, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikudumu.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kama chuki dhidi ya Wahindi. Kwa maoni yetu, ndugu msomaji, simulizi hiyo ina kasoro. Kilichokataliwa ni kiti kinachotolewa kwa rangi, pasipo wenyeji kuulizwa. Kiti hicho kilimfanya hata Mhindi aliyezaliwa Mwanza aonekane mtu wa Mwingereza.

Oktoba 1961 Nyerere alikataa Bungeni uraia upimwe kwa rangi. Leo, katika mkutano wa mtaa, mkazi mtu mzima hujadili taka, maji na ulinzi pasipo kuulizwa asili yake. Asiyefika, awe Mhindi au Msukuma, hakuzuiwa na sheria, amebaki dukani.