Safari ndefu ya kiraka cha Android hadi Kariakoo

MNUNUZI wa simu katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wilayani Ilala, huuliza mambo yaliyozoeleka: kamera ikoje, betri inakaa muda gani, inachukua laini ngapi, na bei ya mwisho ni kiasi gani. Muuzaji naye hujibu kwa mazoea huku akiigeuza simu mkononi ili kioo kimeremete. Ni nadra kusikia mtu akiuliza ni lini programu mama ya simu hiyo ilifanyiwa marekebisho ya usalama kwa mara ya mwisho, ingawa jibu limo ndani ya simu yenyewe na kulitazama hakuchukui hata dakika moja.

Swali hilo lina uzito kwa kuwa simu ya mkononi imeacha zamani kuwa chombo cha kupigia tu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Aprili 2008, na nyingine za aina yake zikafuata, mfanyabiashara wa Kariakoo hulipia mzigo, hupokea fedha za wateja wa mikoani na hutunza akiba yake kwa kifaa hicho hicho. Kasoro katika programu inayokiendesha inaweza kumpa mwizi mlango wa kuingilia bila kugusa mfuko wa mtu.

Sehemu kubwa ya simu zinazopangwa katika maduka hayo huendeshwa na Android. Huo ni mfumo endeshi, yaani programu inayosimamia kioo, kumbukumbu, kamera na mawasiliano, na inayoziruhusu programu nyingine kufanya kazi. Katikati yake kuna kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kampuni ya Google iliinunua kampuni ndogo ya Android mwaka 2005, na simu ya kwanza yenye mfumo huo ikaingia sokoni nchini Marekani Oktoba 2008.

Linux na msingi wa Android ni programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi ambayo watengenezaji wameyatumia kuziunda yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuyasambaza, ilimradi afuate masharti ya leseni. Watanzania si wageni wa jambo hilo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitumia uhuru huo huo kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, bila kuhitaji kusubiri idhini ya kampuni yoyote ya ng'ambo.

Watu wengi hudhani kwamba programu ikishatolewa kazi imekwisha. Kwa hakika hapo ndipo kazi inapoanza. Kiini cha Linux hutolewa katika toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10, na katikati ya matoleo hayo hutoka matoleo madogo ya marekebisho, mara nyingi kila wiki. Wasimamizi wake, miongoni mwao Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin, huchambua marekebisho yaliyoletwa na watu wa nchi mbalimbali na kuyarudisha katika matoleo ya zamani ambayo bado yanatumika. Ni kazi isiyo na shamrashamra. Rekebisho moja huweza kuwa mistari michache tu ya maandishi, pengine kubadili alama moja iliyowekwa mahali pasipo pake.

Kazi hiyo nayo ina mitego yake. Oktoba 2016 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Dirty COW, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa mamlaka yote ya mashine. Torvalds mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amejaribu kuiziba miaka 11 kabla, lakini rekebisho lake likaondolewa kwa sababu lilileta matatizo katika aina fulani ya kompyuta kubwa. Fundi aliziba tundu, kiraka kikabanduliwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyerudi kutazama.

Hata hivyo, mkasa unaoeleza vizuri zaidi hali ya simu ni ule wa mwaka 2019. Ndani ya Android kuna sehemu iitwayo Binder, inayofanya kazi ya utarishi: programu moja ikitaka kitu kwa nyingine, Binder ndiyo inayopeleka ujumbe na kurudisha majibu. Novemba 2017 mtambo unaojaribu kiini cha Linux mfululizo ili kutafuta udhaifu uligundua kwamba Binder iliendelea kutumia sehemu ya kumbukumbu ambayo ilikwisha kurudishwa. Ni sawa na mpangaji aliyehama chumba cha Buguruni akaondoka na ufunguo: chumba kimekwisha kupangishwa kwa mwingine, lakini wa zamani bado anaweza kuingia usiku. Februari 2018 kasoro hiyo ilirekebishwa katika matoleo ya kiini yanayotunzwa kwa muda mrefu. Kiraka kilikuwa kifupi, na kiliwekwa hadharani kwa yeyote kukichukua.

Septemba 2019, Maddie Stone, mtafiti wa kikosi cha usalama cha Google kiitwacho Project Zero, alibaini kwamba simu nyingi zilizokuwa zikitumika bado zilikuwa na kasoro ile ile. Miongoni mwake zilikuwamo Galaxy S7, S8 na S9 za Samsung, P20 ya Huawei, na hata Pixel 2 ya Google yenyewe. Kibaya zaidi, kulikuwa na taarifa kwamba tayari ilikuwa ikitumiwa kuwashambulia watu. Kiraka rasmi cha Android kilitolewa Oktoba 2019, takriban miezi 20 baada ya kasoro hiyo kurekebishwa katika kiini. Ilipozibwa mara ya kwanza haikuwa imepewa namba ya kuitambulisha kuwa tatizo la usalama, hivyo waliokuwa wakitengeneza simu hawakuwa na sababu ya kuikimbilia.

Chanzo cha ucheleweshaji wa namna hiyo ni urefu wa mnyororo. Rekebisho likitoka kwa watunzaji wa Linux huenda Google, ambako huunganishwa na Android. Kutoka hapo huenda kwa watengenezaji wa chipu, kama vile Qualcomm na MediaTek, ambao wana maandishi yao ya ziada, mengine yakiwa si huria. Kisha hufika kwa kampuni yenye jina lililochapwa mgongoni mwa simu, ambayo hulazimika kulijaribu katika kila aina ya simu iliyoitoa. Kampuni yenye aina nyingi za simu za bei nafuu ina kazi kubwa hapo na faida ndogo kwa kila simu, na ni rahisi kuelewa kwa nini ya zamani huachwa njiani.

Utaratibu wa kutoa marekebisho ya usalama ya Android kila mwezi wenyewe ulizaliwa kutokana na hofu. Julai 2015 kampuni ya Zimperium ilitangaza kwamba mtafiti wake, Joshua Drake, amegundua udhaifu katika sehemu ya Android inayofungua sauti na video, iitwayo Stagefright. Ujumbe mmoja wa video uliotungwa kwa hila ungeweza kuishambulia simu hata kabla mwenyewe hajaugusa, na simu zilizokuwa hatarini zilikadiriwa kufikia milioni 950 duniani. Mwezi uliofuata Google ilianza kutoa taarifa ya usalama kila mwezi, na Samsung na LG zikaahidi kufuata mkondo huo. Utaratibu huo ulilegezwa mwaka 2025: marekebisho mengi yakaanza kulimbikizwa na kutolewa kila robo mwaka, huku yale ya dharura yakibaki ya kila mwezi. Taarifa ya Julai 2025 haikuwa na kiraka hata kimoja. Ile ya Septemba ikawa na zaidi ya 100.

Jitihada za kuufupisha mnyororo zimekuwapo. Android 8 ya mwaka 2017 ilitenganisha sehemu za Google na zile za watengenezaji wa chipu, ili moja iweze kubadilishwa bila kuivuruga nyingine. Android 10 ya mwaka 2019 iliwezesha baadhi ya sehemu za mfumo kurekebishwa kupitia Google Play, bila kumsubiri mtengenezaji wa simu. Utaratibu huo ni nafuu ya kweli, lakini haugusi kila kitu; kasoro kama ile ya Binder, iliyo ndani kabisa ya kiini, bado huhitaji kupita njia ndefu.

Tofauti kati ya simu na simu imezidi kuwa kubwa. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidi miaka 7 ya marekebisho. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Juni 20, 2025 zinamtaka mtengenezaji aendelee kutoa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuza aina husika ya simu. Kanuni hizo hazimfungi muuzaji wa Kariakoo. Hapa nchini, hatua iliyogusa simu zilizokuwa mikononi mwa wananchi ni ile ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kuzizima simu bandia Juni 16, 2016. Hata hivyo, zoezi hilo lilitazama namba ya IMEI na si hali ya programu. Simu inaweza kuwa halali kabisa kwa namba yake huku milango yake ikiwa wazi.

Kuna mambo mengine yanayoongeza ugumu mitaani. Simu ya mtumba iliyotoka Dubai ikiwa safi na ya kuvutia inaweza kuwa imekwisha kutupwa mkono na mtengenezaji wake. Fundi anayeiflashi simu iliyogoma huweza kuirudishia toleo la zamani alilonalo kwenye kompyuta yake, na mwenye simu akaondoka akishukuru kwamba inawaka. Halafu kuna suala la bando. Sasisho moja la mfumo linaweza kumeza mamia ya megabaiti, na mtu anayenunua bando la siku hana sababu ya kulimaliza kwa kitu ambacho hakioni. Wengi huahirisha tangazo la sasisho kila linapojitokeza, au huzima kabisa masasisho ya kujiendesha. Kwa mwenye nafasi, intaneti isiyo na waya ya ofisini au ya chuoni ndiyo mahali pa kufanyia kazi hiyo, simu ikiwa kwenye chaji.

Kuitazama tarehe si kazi ngumu. Mtumiaji hufungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, na humo, mara nyingi chini ya toleo la Android, huonyeshwa tarehe ya sasisho la usalama. Katika simu nyingine tarehe hiyo huwekwa chini ya sehemu ya Usalama. Isichanganywe na namba ya toleo: simu yenye Android 13 iliyorekebishwa mwezi uliopita inaweza kuwa na ulinzi bora kuliko yenye Android 14 iliyoachwa kwa miaka miwili. Wala kusasisha WhatsApp au programu ya benki si kusasisha mfumo. Hivyo ni vitu viwili.

Tarehe ikiwa ya ndani ya miezi mitatu au minne, simu bado inahudumiwa. Ikizidi mwaka, na simu ikijibu kwamba hakuna sasisho jipya, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtengenezaji amekwisha kuachana nayo, na mnunuzi anayo haki ya kuitaja tarehe hiyo wakati wa kuulizia bei ya mwisho.