Ludwig na Christiana: walalahoi waliopewa shamba la wenyewe

Ukisema "setla" hapa Kenya, kila mtu anaona picha moja: mzungu juu ya farasi, nyumba kubwa ya mawe, na shamba hadi macho yachoke. Leo nawaletea setla mwingine kabisa. Huyu alifika kwa ardhi yake mpya bila hata mahali pa kulala. Msimu wa kwanza wa baridi, familia ilijibanza chini ya mkokoteni uliopinduliwa na kufunikwa kwa mabonge ya udongo wenye nyasi. Na hiyo ni North Dakota, Marekani, kwenye baridi ya kugandisha mito. Si baridi ya Limuru, wasee.

Jina lake Ludwig Welk, mke wake Christiana. Walifika 1892. Walikuwa Wajerumani, lakini hawakutoka Ujerumani. Walitoka kijiji kinaitwa Selz, karibu na Odessa, nchi ambayo leo ni Ukraine na wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi.

Sasa Mjerumani alifikaje huko? Hapo ndipo story inaanza kuwa tamu.

Mwaka 1763 malkia Catherine wa Urusi alitoa tangazo akiita wageni kutoka Ulaya waje walime. Mjukuu wake, Alexander wa Kwanza, akaita wengine tena 1804, safari hii wajaze ardhi za karibu na Bahari Nyeusi. Ahadi zilikuwa moto: shamba, uhuru wa dini, kodi hakuna kwa miaka kadhaa, na vijana wenu hawatalazimishwa kuingia jeshi. Huku nyumbani vita vya Napoleon vilikuwa vimewamaliza watu. Wewe ungekataa? Familia nyingi za Kikatoliki kutoka Alsace na maeneo jirani zikafunga mizigo. Kufikia 1808 walikuwa wanaanzisha vijiji vyao, Selz ikiwa mmoja wao. Jirani yao wakakiita Strassburg, jina la mji wa kwao Alsace.

Walikaa huko vizazi kadhaa wakiongea Kijerumani chao, wakisali kwa Kijerumani, wakioana wenyewe kwa wenyewe. Halafu serikali ikageuka. 1871 zile haki maalum zikafutwa. 1874 vijana wao wakaanza kuandikishwa jeshini kama raia wengine wote. Na ardhi nayo ilikuwa haitoshi tena kwa watoto wote. Ahadi ya mfalme huwa hivyo: inadumu mpaka siku haimfaidi tena.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa inagawa ardhi. Sheria ya 1862 ilisema ukikaa kwa kipande cha ekari 160 miaka mitano, ulime na ujenge, ni chako kwa ada kidogo tu. Maelfu ya Wajerumani wa Urusi wakavuka bahari, Ludwig na Christiana wakiwa ndani ya hiyo namba. Kati ya mizigo yao kulikuwa na akodioni ya familia, kile kinanda cha kuvuta na kubana ambacho wengi wetu tunakijua kupitia mwomboko.

Huko Dakota miti ni ya kutafuta na tochi, kwa hivyo walijenga vile walivyozoea kule Urusi: matofali ya udongo uliochanganywa na nyasi. Yaani nyumba ya matope, wasee. Bado imesimama mpaka leo, inatunzwa kama mahali pa historia. Na 1902 mji ulipoanzishwa karibu na hapo, jina lake likawa gani? Strasburg. Jina moja, kutoka Alsace hadi Urusi hadi Marekani.

Lakini hiyo ardhi ya "bure" ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya watu wa Lakota na Dakota. Walisukumwa pole pole, mkataba baada ya mkataba, mpaka wakafungiwa kwa maeneo waliyotengewa. Moja ya hayo, Standing Rock, liko ng'ambo tu ya mto Missouri kutoka kaunti ya kina Welk. Hapo ndipo chifu Sitting Bull aliuawa na polisi Desemba 1890, hata miaka miwili haijaisha kabla Ludwig hajafika.

Hapa ndipo watu hupenda kuchagua upande. Kuna wanaosimulia hustle tu: familia maskini, baridi kali, jasho, ushindi. Kuna wanaoona wizi tu. Mimi nasema yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Ludwig hakupiga risasi mtu, na shida zake hazikuwa za kuigiza. Lakini shamba alilopewa lilikuwa limenyang'anywa mtu mwingine. Serikali hupenda sana kutumia maskini mmoja kumkalia maskini mwenzake.

Walikuwa na watoto wanane. Wa sita, Lawrence, alizaliwa 1903 na akaacha shule darasa la nne kufanya kazi shambani. (Tulioacha shule, tusianze kushangilia. Alitolewa na jembe, si ndoto.) Alitaka akodioni yake mwenyewe, bei dola 400, pesa ya kutisha wakati huo. Mzae alikubali kwa sharti moja: abaki shambani mpaka afike miaka 21. Alitimiza, akaondoka 1924 na akodioni yake. Baadaye Marekani nzima ilimwona kwa televisheni miaka mingi, akiongea Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani isiyoisha. Alifariki 1992, miaka 100 kamili tangu wazazi wake wafike.

Na waliobaki Selz? Walipitia njaa ya Stalin, kisha vita. 1944 vijiji vile viliachwa vitupu, na wengi wakaishia kusukumwa hadi Siberia na Kazakhstan.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "sisi tumekuwa hapa tangu zamani", muulize zamani ya lini. Na ukiwa na shosho au guka bado yuko hai, kaa naye umuulize mawili. Tulihama kutoka wapi? Na tulipofika, tulimkuta nani?