Kapu la Majani Chai na Mgongo wa Mama

Tangu miaka ya 1920, makampuni yalipoanza mashamba ya chai Kericho, wachunaji wamebeba kapu mgongoni, na maumivu yakaitwa uchovu tu. Mwaka 2022, mahakama ya Edinburgh, Scotland, iliwaruhusu mamia yao kuishtaki pamoja kampuni ya James Finlay (Kenya) kwa majeraha ya mgongo. Kampuni ilipinga madai hayo. Mwaka 2023 kesi ilisimamishwa ili wadai kwanza fidia hapa Kenya, chini ya sheria ya 2007.

Mama, mgongo haungoji kesi. Punguza mzigo kabla kapu halijajaa. Ukiinua, kunja magoti, usipinde mgongo. Ukiumia, mwarifu msimamizi siku hiyo hiyo, iandikwe.