Ugonjwa Uliojificha Ndani ya Mkoromo

Mwaka 1956 madaktari wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Sidney Burwell, walichapisha habari za mfanyabiashara wa miaka 51 aliyekuwa akisinzia ovyo. Uzito wake ulikaribia kilo 120. Usingizi ulimsumbua kwa muda mrefu, lakini kilichomfikisha hospitalini ni karata. Alikuwa na kawaida ya kucheza poka na wenzake kila wiki. Usiku mmoja aligawiwa karata za ushindi, za kumfanya mtu yeyote akae macho hadi alfajiri, naye usingizi ukamchukua akiwa amezishika mkononi. Ushindi ukampita. Siku chache baadaye alilazwa.

Burwell na wenzake walikuta damu yake imejaa kabonidayoksaidi. Wakahitimisha kwamba unene unambana hata asiweze kupumua vya kutosha, na kwamba hewa hiyo chafu inayobaki mwilini ndiyo inayomlevya mchana. Wakampunguzia chakula, akapungua uzito, akapata nafuu. Ugonjwa wakaupa jina la Pickwick, kutoka riwaya ya Charles Dickens iliyotoka kwa vipande mwaka 1836 na 1837, ambamo yumo Joe, kijana mtumishi mnene anayelala hata mizinga ya askari inapolia.

Inauma kuisoma taarifa ile leo. Madaktari waliorodhesha dalili nane za ugonjwa, na mojawapo ilikuwa kwamba pumzi za mgonjwa huja na kukatika, huja na kukatika. Waliliona, wakaliandika, wakapita. Jibu lilikuwa mbele yao. Lakini udaktari wa wakati ule ulikuwa kazi ya mchana: mgonjwa anaingia akiwa macho, anaulizwa maswali akiwa macho, anapimwa akiwa macho. Kulala kulihesabiwa kuwa mapumziko, na hakuna aliyedhani kwamba mtu anaweza kuumia katikati ya mapumziko.

Waliokuja kulifumbua fumbo hilo walikuwa wataalamu wa ubongo, kwa sababu wao walikwisha kuzoea kukesha na wagonjwa. Mwaka 1965, mjini Marseille nchini Ufaransa, Henri Gastaut, bingwa wa kifafa, pamoja na Tassinari na Duron, waliwabandika waya kichwani watu wenye ugonjwa huo wa Pickwick, wakawawekea vipimo vya pumzi, kisha wakawaacha walale. Mwaka huohuo Jung na Kuhlo walifanya kazi kama hiyo Freiburg, Ujerumani. Kalamu za mashine zilichora usiku kucha juu ya karatasi isiyokatika, na asubuhi ilibidi mtu aisome yote, ukurasa kwa ukurasa. Mistari ilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kifua cha mgonjwa kilikuwa kikipanda na kushuka kwa nguvu, lakini puani hapakuwa na hewa inayopita. Sekunde kumi, ishirini, hata zaidi ya nusu dakika. Halafu mstari wa ubongo unaruka, mgonjwa anazinduka kidogo, anavuta pumzi moja kubwa yenye kishindo, anarudi usingizini. Baada ya muda mfupi anakabwa tena. Mchezo huo ulijirudia mara mamia kwa usiku mmoja, na mwenyewe alipoamka hakukumbuka hata mara moja.

Koo ndilo lililokuwa likimkaba. Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi haina mfupa wa kuizuia isibonyee. Misuli ndiyo inayoiweka wazi. Tukilala misuli hiyo hulegea. Kwa mwenye njia nyembamba, iwe kwa unene, kwa taya dogo au kwa mafindofindo makubwa, kila anapovuta pumzi kuta za koo hunyonywa ndani na kukutana, kama mrija laini wa juisi unapovutwa kwa nguvu. Zikikaribiana tu, zinatetemeka, na huo ndio mkoromo. Zikigusana, mkoromo unakatika na hewa inakwisha. Kimya kile ambacho wengi hukipokea kwa shukrani, wakidhani mzee sasa amelala vizuri, ndicho cha kuogopa.

Basi usingizi wa mchana ulikuwa deni. Mtu aliyelala kwa saa nane alikuwa hajalala.

Tiba ya kwanza ilitokana moja kwa moja na ugunduzi huo, nayo ilikuwa nzito. Mwaka 1969 Kuhlo na wenzake waliripoti kumtibu mgonjwa kwa kumtoboa tundu shingoni, chini ya mahali panapoziba, na kumwekea bomba la kupitishia hewa. Ilifanya kazi papo hapo. Lakini mtu aliyefanyiwa hivyo aliishi na tundu lake: mchana analiziba ili aweze kuzungumza, usiku analifungua ili aweze kupumua. Makohozi yanahitaji kusafishwa kila siku, vidonda vinapata vijidudu, na kuogelea ndiyo basi. Wengi waliambiwa habari hiyo wakachagua kubaki na ugonjwa wao, na siwezi kuwalaumu.

Waitalia nao walikuwa kazini. Elio Lugaresi wa Bologna aliona kwamba wagonjwa wengine hawakuwa wanene kabisa, na kwamba presha yao hupanda kila koo linapoziba. Kundi lake lilikwenda San Marino, nchi ndogo iliyozungukwa na Italia, likawahoji watu 5,713 kuhusu kukoroma. Walipochapisha matokeo mwaka 1980, ilionekana kwamba shinikizo la damu lilikuwa limewapata zaidi wanaokoroma kuliko wasiokoroma.

Mwaka 1972 Christian Guilleminault, daktari Mfaransa, alihamia Chuo Kikuu cha Stanford, California, ambako William Dement alikuwa amefungua kliniki ya usingizi miaka miwili kabla. Miongoni mwa wagonjwa wake wa mwanzo alikuwamo mvulana wa miaka kama kumi, mwenye usingizi wa mchana na presha ya juu ajabu kwa mtoto. Guilleminault alisema chanzo ni koo linaloziba usiku. Madaktari wa watoto hawakumwamini, wakaendelea kumpa dawa za presha. Hatimaye mtoto alitobolewa tundu la shingo, na presha ikashuka. Mwaka 1976 Guilleminault na wenzake walilitoa jina linalotumika hadi leo, apnia ya usingizini, pamoja na kipimo cha kuhesabu: pumzi ikisimama sekunde 10 au zaidi, mara 30 ndani ya saa saba za usiku, huo ni ugonjwa. Jina la kijana wa riwaya likaanza kuachwa, na ni vema liliachwa. Lilikuwa jina la kumcheka mgonjwa.

Kilichobaki ni tiba ambayo mtu angeweza kuikubali, nayo ilitoka Sydney, Australia. Colin Sullivan alikuwa amefanya utafiti Toronto, Kanada, juu ya pumzi za mbwa waliolala, kisha akarudi nyumbani na wazo jepesi: ikiwa koo linaziba kwa kunyonywa, basi lisukumiwe hewa kutoka puani ili libaki wazi. Juni 1980 alimpata mtu wa kulijaribia, fundi ujenzi mwenye apnia kali ambaye alitakiwa kutobolewa shingo na hakutaka. Sullivan aliunganisha mashine ya kupuliza hewa na mirija iliyochongwa iingie puani, akaziba pembeni kwa silikoni. Mgonjwa alipolala na koo lake kuanza kuziba, hewa iliongezwa kidogo kidogo. Mkoromo ukakoma. Karibu mara moja akaingia katika usingizi mzito wa ndoto, ule ambao mwili wake ulikuwa ukinyimwa kwa miaka, na asubuhi akaamka akiwa macho kwelikweli.

Taarifa iliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1981 ilihusu wagonjwa watano tu. Nguvu ya hewa iliyotumika ilikuwa ya kuinua maji kwenye mrija sentimita 4.5 hadi 10, basi. Nguvu hiyo ndogo ndiyo iliyochukua nafasi ya kisu. Mashine za kwanza zilizopelekwa majumbani zilikuwa nzito na zenye kelele, na wagonjwa walijigandisha barakoa usoni kwa silikoni kila usiku, wakaibandua asubuhi. Waliivumilia adha hiyo kwa sababu walikwisha kuonja tofauti.

Dunia ilichelewa kutambua ukubwa wa jambo hili. Mwaka 1993 utafiti wa wafanyakazi 602 wa serikali ya jimbo la Wisconsin, wenye umri wa miaka 30 hadi 60, ulikuta pumzi zikizibwa mara tano au zaidi kwa saa katika asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake. Makadirio ya mwaka 2019 yalifikisha idadi ya dunia karibu watu bilioni moja. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kupunguza uzito, kwa wanene wenye apnia.

Kwetu Afrika Mashariki presha na ajali za barabarani vinajadiliwa kila siku, na usingizi hautajwi. Dereva wa basi la usiku anapimwa macho na ulevi. Nani anamuuliza anavyolala? Mashine ya hewa bado ni ghali kwa mshahara wa kawaida, na inataka umeme usiku kucha. Lakini kuutambua ugonjwa hakuanzi na mashine. Frances Chung wa Toronto na wenzake walitoa mwaka 2008 hojaji ya maswali manane ambayo kliniki yoyote inaweza kuitumia kwa karatasi na kalamu. Inauliza kuhusu mkoromo, uchovu wa mchana, presha, uzito, umri, unene wa shingo na jinsia. Swali moja zaidi mgonjwa hawezi kulijibu peke yake, na ndiyo maana mke, mume au ndugu anayelala chumba kimoja naye afaa aje kliniki pamoja naye: je, kuna aliyewahi kukuona umeacha kupumua ukiwa umelala?