Mapishi ya Krismasi Pwani: vipimo vya sufuria kubwa na namna ya kukilinda chakula na joto la Disemba

Krismasi si sikukuu ya dini yangu, lakini mwezi huu sijaona jiko la Pwani lililolala. Shule zimefungwa, ndugu wa bara wanateremka kwa treni na mabasi, harusi hazina idadi, na majirani zetu Wakristo, wawe Wagiriama, Wataita, Wakamba au Waluo, wanapika na kualika. Tarehe 25 kazi zimefungwa kwa kila mtu, kwa hivyo hata nyumba za Kiislamu zinajikuta na wageni 15 au 20 sebuleni.

Kila mwaka msimu huu naulizwa maswali yale yale. Mchele kilo ngapi? Mbona mbaazi zimechacha kabla ya adhuhuri? Jirani Muislamu atakula nyama ya mbuzi wangu? Leo nimeyakusanya majibu mahali pamoja ili msomaji ayaweke na kuyarudia.

Hesabu kabla ya soko

Makosa mengi ya Disemba huanzia sokoni. Mtu anasikia wageni wanakuja, ananunua kilo tano za mchele za watu kumi, halafu kesho yake anamwaga. Na Januari ile pale mlangoni na karo ya shule mkononi.

Vipimo ninavyotumia ni hivi. Mtu mzima anayekula pilau kama chakula kikuu anatosheka na gramu 125 za mchele mkavu, yaani kilo moja kwa watu 8. Mtoto mhesabu nusu. Nyama yenye mifupa, gramu 125 mpaka 150 kwa mtu zinatosha, kwa kuwa kando kuna mbatata, kachumbari na matunda. Kama kuna vitafunio kabla ya chakula, yaani sambusa, bajia au viazi karai, punguza mchele. Watu watakuwa wameshakula nusu shibe.

Pilau ya watu 20

Mahitaji: mchele wa pishori au basmati kilo 2 na nusu, nyama ya ng'ombe au mbuzi kilo 2 na nusu hadi 3, vitunguu maji kilo 1, mbatata kilo 1 na nusu, mafuta kikombe kimoja na nusu, thomu vichwa 3 na tangawizi gramu 100, vitwangwe pamoja. Bizari: uzile vijiko 5 vya chakula, pilipili manga nzima vijiko 2, iliki 20, karafuu 15, mdalasini vijiti 4. Chumvi kwa kuonja.

Anza kwa kuchemsha nyama na chumvi, nusu ya thomu na nusu ya tangawizi mpaka ilainike. Usiimwage supu, hiyo ndiyo maji ya pilau. Loweka mchele dakika 30.

Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea, lakini visiungue. Rangi ya pilau inatoka hapa. Pilau nyeupe maana yake mpishi alikuwa na haraka, na iliyo chungu maana yake aliondoka jikoni. Tia thomu na tangawizi iliyobaki, kisha bizari, kaanga dakika moja tu mpaka harufu itoke. Tia nyama na mbatata, geuza zishike rangi, kisha mimina supu.

Kwa mchele uliolowekwa, kikombe kimoja cha mchele kinataka kikombe kimoja na nusu cha supu. Kilo 2 na nusu ni kama vikombe 12 na nusu, kwa hivyo supu ni lita 4 na nusu hivi. Ikipungua, ongeza maji ya moto. Onja: supu iwe na chumvi kidogo zaidi ya unavyotaka, kwa sababu mchele utaichukua. Ichemke, tia mchele, koroga mara moja, na maji yakikaribia kukauka punguza moto, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Baada ya dakika 20 mpaka 25 iko tayari. Wa gesi aweke karatasi ya foili chini ya mfuniko na moto uwe mdogo kabisa.

Mbaazi na mahamri za asubuhi

Nyumba nyingi, za Wakristo na za Waislamu, hufungua kinywa siku hiyo kwa mahamri na mbaazi. Kwa unga kilo 1 tia sukari gramu 200, hamira kijiko kimoja cha chakula, iliki iliyosagwa kijiko kimoja cha chai, na tui zito la vuguvugu kama vikombe viwili. Mimina tui kidogo kidogo, kwa sababu unga hautofautiani kwa jina tu. Kanda mpaka donge liwe laini lisiloshika mkono. Kata vidonge 8, na kila kimoja ukishakisukuma ukigawe vipande 4, upate mahamri 32. Kwa joto la Disemba unga huumuka ndani ya saa moja hivi. Ukiulaza nje usiku kucha utachacha. Anayetaka kukanda jioni apunguze hamira iwe nusu, na donge alilaze kwenye friji.

Mbaazi kavu kilo 1 ziloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, zichemshe kwa maji mapya mpaka zilainike. Nazi tatu zinatosha. Tui jepesi litangulie, liive pamoja na kitunguu na pilipili mbichi. Kasimile itiwe mwisho, kwa moto mdogo, huku unakoroga. Ukiifunika ikachemka kwa nguvu, tui linakatika.

Samaki wa kaskazi

Upepo wa kaskazi umeshaanza, bahari inatulia na wavuvi wanatoka vizuri zaidi. Kwa anayeona nyama ni ghali, samaki wa kupaka humheshimisha mgeni vile vile. Chagua changu, tewa au kolekole: macho yang'ae, mashavu yawe mekundu, na ukibonyeza nyama irudi. Mpake ndimu, thomu, tangawizi, pilipili na chumvi kwa nusu saa, mchome kwa makaa. Kando pika tui zito na bizari ya manjano na ukwaju mpaka liwe zito, kisha mpake samaki huku ukimgeuza.

Jodari na nguru wanataka uangalifu zaidi. Wakikaa juani bila barafu hufanya sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na mlaji huwashwa, hupata wekundu usoni na kuumwa na kichwa. Nunua kwa mwenye barafu, na umpeleke nyumbani moja kwa moja.

Joto ndilo adui

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana karamu nyingi huishia zahanati. Disemba kwetu joto hupita digrii 30, na chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya muda wa saa mbili. Wali ndio unaodanganya watu. Ndani ya mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki ukiupasha moto. Kwa hivyo ile kauli ya "nitauchemsha tena utakuwa sawa" si kweli.

Fanya hivi. Chakula cha wageni watakaochelewa kibaki motoni kikitoa mvuke, au kiwe kwenye hotpoti. Kinachobaki kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, kisha kiingie kwenye friji kwa vyombo vifupi. Sufuria nzima ikiingizwa ndani ya friji, katikati hubaki na moto kwa masaa. Kila chenye tui kiliwe siku ile ile au kilale kwenye friji. Na umeme ukikatika muda mrefu, usionje kujaribu. Chakula chenye sumu kinaweza kukosa harufu mbaya.

Nyama ya jirani

Swali la halali halina haja ya kuleta ubaridi kati ya majirani. Mkristo anayetaka Waislamu wale kwake bila wasiwasi anaweza kufanya kama familia nyingi za huku zinavyofanya tangu zamani: anamwita jirani Muislamu amchinje mbuzi au kuku. Asipoweza, anunue kwenye bucha ya halali. Mafuta ya kukaangia yawe mapya, yasiwe yaliyopikia nguruwe, na chakula kisitiwe pombe. Kama kuna vyakula vya namna hiyo mezani, viwe na miiko na vyombo vyake. Kubwa zaidi ni kumwambia mgeni ukweli kabla hajauliza.

Na sisi tunaoalikwa tuwe waungwana. Suala la kuhudhuria na kutoa pongezi waulizwe mashekhe, mimi si mwanachuoni. Lakini haki ya jirani inajulikana. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani zake. Jirani aliyekuletea sahani usiirudishe tupu; hata maembe mawili, na huu ndio msimu wake, yanatosha.

Ratiba ya siku tatu

Tarehe 23: nunua mchele, bizari, vitunguu na mbaazi. Chagua mchele, menya thomu na tangawizi, twanga, weka kwenye friji.

Tarehe 24: nunua nyama, na nazi usizivunje bado. Funga sambusa uzigandishe mbichi. Loweka mbaazi usiku. Anayelaza donge la mahamri alikande jioni.

Tarehe 25: asubuhi kuna nazi, mahamri na mbaazi. Nyama iingie motoni saa tatu, vitunguu saa nne, mchele saa tano na nusu, na adhuhuri watu wakae mkekani. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, na ndimu na chumvi zitiwe wakati wa kupakua.

Jambo la mwisho ni la wanaume na vijana wa nyumba. Kukuna nazi, kuteka maji, kuwasha makaa na kuosha masufuria hakuhitaji ujuzi wowote. Mama aliyeamka alfajiri kupikia watu 20 naye ana haki ya kuketi akala pilau ikiwa bado moto. Wageni wetu wawe wa heri, na majirani zetu wanaosherehekea Mungu awape amani.