Mlukwati: mti wa matunda wa nyumbani katika Machakos

Mlukwati (jina la kisayansi: Eriobotrya japonica) ni mti wa matunda wa familia ya waridi, ukoo mmoja na mtufaha, mpea na mpichi. Asili yake ni Uchina. Matunda yake, lukwati, ni madogo, ya manjano au rangi ya chungwa, yenye utamu uliochanganyika na uchachu. Nchini Kenya mti huu unajulikana zaidi nyanda za juu, ambako huota uani, kwenye viwanja vya shule na mipakani mwa mashamba. Katika Kaunti ya Machakos ni mti wa boma kuliko mti wa biashara: unahitaji maji ya karibu ukiwa mchanga, jicho la mwenye nyumba unapozaa, na walaji walio tayari siku matunda yanapoiva, kwa kuwa hayakai.

Maumbile

Mlukwati haupukutishi majani. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 5 hadi 10, wenye kichwa cha mviringo na kivuli kizito. Majani ni makubwa, ya sentimita 10 hadi 25, magumu, yenye meno pembeni na mishipa iliyozama. Juu yanang'aa kwa kijani kilichokolea, chini yana manyoya laini ya rangi ya kahawia hafifu. Maua ni meupe, yenye harufu nzuri, na hutoka kwa vichala kwenye ncha za matawi. Nyuki huyapenda sana, jambo lenye faida kwa Wakamba, wenyeji wa Machakos, ambao ufugaji wa nyuki ni kazi yao ya jadi.

Tunda lina umbo la yai au la peasi ndogo, urefu wa sentimita 3 hadi 5. Ganda ni jembamba, lenye vumbi la manyoya linalofutika kwa kidole. Ndani mna nyama yenye maji mengi na mbegu kubwa za kahawia zinazoteleza, mara nyingi tatu hadi tano. Kwa sababu ya ukubwa wa mbegu hizo, sehemu inayolika ni ndogo kuliko tunda linavyoonekana likiwa mtini.

Asili na uenezi

Mti huu umelimwa Uchina tangu kale, na Japani kwa zaidi ya miaka 1,000. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Peter Thunberg, aliyefanya kazi Japani katika karne ya 18, ndiye aliyeupa jina la kitaalamu linalotaja nchi hiyo, na ndiyo sababu wengi hudhani asili yake ni huko. Mwaka 1821 Mwingereza John Lindley aliuweka katika jenasi ya Eriobotrya. Mwaka 2020 baadhi ya wataalamu walipendekeza uhamishiwe jenasi ya Rhaphiolepis, lakini vitabu vingi vya kilimo bado vinatumia jina la awali.

Mlukwati ulifika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, ukaenea kuzunguka bahari ya Mediterania. Leo Uchina ndiyo inayoongoza kwa uzalishaji, na Uhispania ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nje. Kati ya aina zinazojulikana duniani zimo Tanaka na Mogi za Japani, Algerie inayolimwa Uhispania, na Champagne na Gold Nugget za California. Mabomani Kenya, hata hivyo, milukwati mingi imeota kutokana na mbegu, kwa hiyo matunda hutofautiana ukubwa na utamu kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Mazingira ya Machakos

Mji wa Machakos uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya vilima vya Iveti. Vilima vya Mua, upande wa magharibi, hupita mita 2,000 na vimejulikana kwa matunda tangu enzi za walowezi. Mlukwati hupenda hali ya hewa isiyo na joto kali. Ukishushwa pwani huweza kukua vizuri na bado usizae la maana. Kwa hiyo Mua, Iveti, Kathiani, Kangundo na Matungulu ndiyo maeneo yanayoufaa zaidi. Yatta, Masinga na sehemu za chini za Mwala zina joto na ukame zaidi. Huko huhitaji kumwagiliwa, na jua kali huweza kubabua matunda.

Udongo mwekundu usiotuamisha maji unatosha. Adui wake ni ardhi inayoshika maji. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare za Athi, katika Mavoko, hujaa maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mizizi huoza kwanza, kisha hukatika. Mwenye ploti huko hupanda juu ya tuta lililoinuliwa.

Mvua hunyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Ukambani wakulima huamini zaidi msimu wa pili, na ndio wakati mwafaka wa kupanda mche, mradi kuwe na maji ya kuuvusha kiangazi cha Januari na Februari.

Mashamba mengi ya miteremkoni yana matuta ya fanya juu: mtaro huchimbwa na udongo kutupwa upande wa juu ili kuzuia maji yasitiririke. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na vikundi vya mwethya, desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka mwaka 1994 kilieleza jinsi wilaya ya zamani ya Machakos, iliyokuwa mfano wa mmomonyoko katika miaka ya 1930, ilivyohifadhiwa huku idadi ya watu ikiongezeka zaidi ya mara tano kufikia 1990. Kwa mpanda miti, faida ni hii: maji yanayokwama mtaroni huzama polepole, na mti wa matunda uliopandwa hapo hukaa na unyevu wiki kadhaa baada ya mahindi ya juu yake kuanza kujikunja.

Kupata mche

Njia rahisi ni mbegu. Hutolewa katika tunda lililoiva, huoshwa na kupandwa mara moja, kwani ikikauka hupoteza uwezo wa kuota. Hutiwa kina cha sentimita 2 hivi katika mfuko wa kitalu, au katika pakiti tupu ya maziwa iliyotobolewa chini, na kuwekwa kivulini. Huota baada ya wiki chache. Mti wa mbegu huchukua miaka 5 hadi 8, au zaidi, kabla ya kuzaa, na haulazimiki kufanana na mama yake.

Njia ya pili ni kubebesha. Kijiti kutoka mti uliokwisha kuonekana mtamu hukatwa mfano wa kabari na kuchomekwa katika mpasuko wa mche wa mbegu wenye unene wa penseli. Kiungo hufungwa kwa utepe wa plastiki hadi kishikane. Mti wa namna hiyo huweza kuanza kuzaa baada ya miaka 2 hadi 3. Mafundi wanaobebesha miembe na miparachichi huweza kuifanya kazi hii bila vifaa vipya.

Kupanda

Shimo la sentimita 60 kila upande huchimbwa kabla ya mvua. Udongo wa juu huwekwa kando, huchanganywa na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kisha hurudishwa. Mche hupandwa kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni. Kuuzunguka hutengenezwa beseni la udongo la kushika maji. Kwenye mteremko, beseni huwa la nusu mwezi lililofunguka upande wa juu. Nyasi kavu au mabua ya mahindi hutandazwa, lakini hayaachwi yakagusa shina, kwa sababu mchwa hupita humo.

Nafasi ya mita 6 hadi 8 inatosha kwa mti wa mbegu, na mita 4 hadi 5 kwa uliobebeshwa. Mti mmoja huweza kuzaa peke yake, ila aina nyingi huzaa zaidi zikiwa na jirani wa kuchavushana naye. Katika boma dogo mahali pazuri ni karibu na jikoni, ambapo maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo hufika bila safari ya ziada. Maji yenye sabuni nyingi hayafai.

Matunzo

Katika miaka miwili ya kwanza mche humwagiliwa kiangazi na huzungushiwa miiba dhidi ya mbuzi. Baadaye mizizi huvumilia ukame, lakini mti unaokosa maji wakati wa kuchanua na kujaza matunda hutoa lukwati ndogo zilizojaa mbegu. Samadi huongezwa kila msimu wa mvua.

Kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha za matawi, kupogoa hufanywa baada ya mavuno, si kabla ya kuchanua. Hukatwa matawi makavu na yanayosongamana, na kilele hushushwa ili mti uvunwe bila ngazi. Kichala chenye matunda mengi hupunguzwa yakiwa bado madogo, yakabaki manne hadi sita, na yaliyoachwa hunenepa.

Wadudu na wanyama

Tatizo kubwa ni nzi wa matunda. Mbali na jamii ya Ceratitis ya Afrika, yuko Bactrocera dorsalis wa Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na ambaye amewatesa sana wakulima wa embe wa Ukambani. Jike hutaga mayai chini ya ganda, na funza huozesha nyama. Matunda yaliyoanguka huokotwa kila siku na kuzikwa kwa kina kisichopungua nusu mita, au hufungiwa katika mfuko unaowekwa juani. Yakiachwa chini ya mti, funza huingia ardhini na kutoka wakiwa nzi wa kushambulia hata mwembe wa jirani. Mitego yenye chambo husaidia, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimefundisha matumizi yake kwa muda mrefu.

Kuzumburu na ndege wengine hutoboa lukwati zikianza kugeuka rangi, na popo huja usiku. Vichala hufunikwa kwa mifuko ya karatasi au magazeti, kinga inayowazuia pia nzi.

Mavuno na matumizi

Lukwati haiivi zaidi ikishachumwa. Iliyochumwa kabla ya kuiva hubaki chachu, kwa hiyo husubiriwa ipate rangi kamili hadi karibu na kikonyo na ianze kulainika. Hukatwa pamoja na kikonyo, si kuvutwa, maana ganda huchanika na alama ya kidole huwa doa la kahawia kabla ya siku kwisha.

Huliwa mbichi, hutengenezwa jamu au sharubati, na huweza kupikwa kwa sukari kidogo. Katika gramu 100 za tunda mna maji takriban asilimia 87 na kilokalori 47, pamoja na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Uchina, majani yake hutumika katika dawa za kikohozi.

Mbegu hazitafunwi wala kusagwa: zina amigdalini, kemikali inayotoa sianidi zikivunjwa. Mbegu moja nzima iliyomezwa kwa bahati mbaya kwa kawaida hupita bila madhara, lakini watoto hufundishwa kuzitema, na mashine ya kusagia matunda huwashwa baada ya mbegu kutolewa.

Soko

Uwepesi wa kuchubuka ndio unaoizuia lukwati kushindana na embe au parachichi katika malori ya kwenda Nairobi. Huuzwa kidogo kidogo, karibu na ilipochumwa, au hugawiwa majirani. Anayetaka fedha kutokana nayo hupata zaidi kwa kuigeuza jamu, au kwa kuotesha na kubebesha miche kutoka mti wake bora, kwani mche husafiri salama kuliko tunda.